Pini ya Kumi na Saba

Limeletwa juzi kwenye theluji, limefungwa blanketi
kama mgonjwa anayeona haya:
sanduku la muziki la mwaka arobaini na saba,
kutoka baa ya Lehtonen, barabara ya Tano, Calumet,
mji uliochimba shaba hadi shaba ikauchoka.

Nimeligeuza kisogo. Mbele ni mapambo tu,
nikeli na vioo vya rangi ya sharubati.
Ukweli uko mgongoni,
kwenye plagi hii ya pini ishirini na nne, wimbo mmoja kila pini,
ambayo bakelaiti yake imekuwa biskuti.
Naishika, inamomonyoka.
Nyaya zilivalishwa pamba; panya wamezivua.
Pini zimeota ukijani,
ule ukijani wa shaba inayokumbuka kuwa jiwe.

"Nyunyizia dawa tu," Darlene aliniambia, "linapiga likitaka."
Likitaka! Hata mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo.
Kiungo kilicholegea hakifi, bibi,
kinafanya jeuri: leo ndiyo, kesho labda,
kinapata joto, kinamuunguza jirani,
siku moja unanusa moshi katikati ya polka.

Basi moja moja. Sikati zote kwa pamoja.
Aliyekata zote kwa pamoja nilimfahamu:
alimaliza majira ya baridi akiuliza nyekundu ipi ni nyekundu ipi,
maana moshi wa sigara, ukipewa miaka,
hugeuza rangi zote kuwa chai.
Nakata waya. Nauvua ngozi nusu inchi.
Nausugua mpaka shaba icheke.
Nauvika pini mpya, nabana kwa koleo, navuta;
usipochomoka, umekubali.
Nasukuma kwenye tundu mpaka nisikie: tik.
Naandika daftarini. Naanza tena.

Tik, wa tano. Tik, wa tisa.
Nje gari la kukwangua theluji linapita likinung'unika.
Wa kumi na moja umenichoma kidole.
Wa kumi na sita.

Wa kumi na saba haukuchakaa.
Umekatwa.
Umekatwa kwa wembe, sawasawa, ncha ikakunjwa,
ikafungwa utepe wa kitambaa mara nne
kama kidole cha mtoto.
Nimeufuata kwa mita hadi kwenye kitufe chake.
Sahani yake ingali rafuni, haina mkwaruzo hata mmoja.
Jina limefutwa kwa wino.

Nimempigia Darlene. Kimya kidogo, halafu:
"Baba mkwe alituambia kumi na saba ni mbovu.
Mtu akiibonyeza, Eino alimrudishia sarafu kutoka mfukoni mwake.
Miaka thelathini. Hakuita fundi."
"Kulitokea nini?"
"Sijui. Alikuwa na kaka mgodini. Au labda ni mwanamke. Sijui, Helmi."

Mimi si polisi. Ni fundi wa viungo,
kazi yangu vilivyoachana vikutane.
Lakini hapa kuna mtu aliyesimama nyuma ya sanduku hili
viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza,
tochi mdomoni, wembe mkononi,
akachagua mmoja kati ya ishirini na nne,
na akauacha na urefu wa kutosha kurudishwa.
Hilo ndilo lililonikalisha kigodani hadi kahawa ikapoa.
Angeweza kuukata shinani.

Nimeuvika pini mpya. Nimebana. Nimevuta: umekubali.
Sikuusukuma.
Nimeufunga utepe, mara nne,
nikabandika kadi ndani ya mlango:
*Kumi na saba iko tayari. Tundu lake la pili kutoka chini.
Haihitaji fundi. Kidole kinatosha.*

Kisha nimewasha. Balbu zimeamka kwa zamu,
njano, halafu waridi, moja imegoma.
Nimebonyeza nne.
Mkono wa chuma umetambaa rafuni kwa mngurumo,
umepita kumi na saba bila kusita,
umeenda kuchukua sahani yake.